Lekishon, Bado

Miaka ile Wadachi walipokuwa wameshajenga boma lao jeupe kule chini Arusha, na barabara ikichongwa kwa mikono ya baba za watu, jikoni kwa Koko, bibi wa nyumba ile, hukuwa na haja ya kuuliza ni mwezi gani. Ulichungulia chungu tu. Ukikuta mnavu na uyoga, ujue masika yamekolea na njia zote ni tope. Ukikuta maharage mabichi yaliyopondwa na ndizi, mvua zimeanza kukatika. Mahindi ya kuchoma yakija, na baridi ya Mlima Meru imekuja nayo, watoto wanagombania nafasi karibu na mafiga. Ng'ombe wakitoa maziwa ya kutosha, Koko alipika loshoro: mahindi na ndizi vikaiva pamoja, vikapoa, vikamiminiwa mtindi. Na kiangazi kilipokaza, magimbi ya bondeni, kule kusikokauka, ndiyo yaliyoiokoa nyumba.

Nasieku, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, alizizoea kazi za jiko hilo. Asubuhi alifagia, akachota maji, akachambua mboga, akamfukuza mdogo wake Lesikar aliyekuwa na miaka mitano na mkono usiotulia. Ukigeuka tu, mkono umo chunguni.

"Wewe, toa mkono! Chakula hakijaiva!"

"Naonja tu," Lesikar alijibu, huku mashavu yamejaa.

Watu hawakuisha nyumbani pale. Huyu kaja kuomba moto, yule kaja kurudisha kibuyu, na Mama Meitamei, jirani wa ng'ambo ya migomba, alikuja bila hata kutafuta sababu. Alikaa, akanyoosha miguu, akaanza: nani kaposwa, nani kagombana na mkwewe, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Watoto walimwinamishia vichwa awaguse, kama adabu inavyotaka, kisha wakajifanya wanacheza, kumbe masikio yote yako kwake.

Ila kulikuwa na chakula kimoja ambacho hata Mama Meitamei alikizungumzia kwa sauti ya chini.

Kila mwaka, maharage mapya yakishavunwa na dari imejaa, wakati ambao hakuna mtu mwenye njaa, Koko alichukua kijiti chake cha kuchimbia akateremka hadi tambarare. Alirudi jioni mgongo umepinda, amebeba ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini, na ni sumu. Ukikitazama hutadhani, maana ni cheupe na kinene kama viazi vingine. Lakini ukila bila kukitengeneza, kichwa kinazunguka, ulimi unakufa ganzi, na huenda usiamke. Koko alizimenya ndiga zile, akazikata vipande vyembamba, akavitia kwenye kikapu na kukizamisha kijitoni. Vilikaa humo usiku tatu, maji yakipita na kuondoka na sumu. Ndipo zikapikwa, na kila mtu wa nyumba akala kipande kimoja kabla ya kuonja maharage mapya.

Mbaya zaidi ni lile jina.

Kikapu kilifungwa kamba ya mgomba yenye mafundo matatu. Kila fundo lilikuwa usiku mmoja majini. Mchana, jua likiwa utosini, mwenye zamu alikwenda kijitoni, akavigeuza vipande, akafungua fundo moja na kusema, "Lekishon, bado." Kesho yake tena, "Lekishon, bado." Fundo la tatu likifunguka alisema, "Lekishon, njoo ule."

Nyumbani hapakuwa na Lekishon. Wala kwa majirani. Na Waarusha hawataji ovyo jina la mtu aliyefariki. Likitajwa, watu huangalia chini, mazungumzo yanakatika. Sasa huyu bibi anamwita mtu wa namna hiyo kila mwaka, kwenye maji, aje kula! Mama Meitamei alikuwa akisema, "Mimi kile kipande nakila kwa heshima tu. Lakini kinaponipita kooni nasikia baridi."

Miaka yote kazi ya kijitoni ilikuwa ya Naeku, mama yake Nasieku. Mwaka huu Naeku alikuwa amejifungua, yuko ndani na kichanga. Baba alikuwa kwenye kazi ya barabara ya Wadachi, na haikujulikana atarudi lini. Kwa hiyo alasiri moja Koko alimwita Nasieku, akamkabidhi kikapu.

"Sasa hivi, moja kwa moja mpaka kijitoni. Weka mawe juu kisichukuliwe na maji. Leo hufungui fundo. Kesho mchana ndiyo unafungua la kwanza, kikiwa kimeshalala usiku mmoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Koko."

"Rudia."

Nasieku alirudia. Koko akamtazama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno, halafu akarudi jikoni.

Njiani, kabla hata migomba haijaisha, alikutana na Eunike akikimbia. Kwao Eunike walikuwa wamebatizwa misheni, na mdomo wake ulijua Kiswahili na masihara kwa pamoja.

"Nasieku! Kinanda cha misheni kimeanguka barabarani! Gurudumu la gari limevunjika, maksai wamelala, na kinanda kinalia chenyewe kila upepo ukipita! Twende!" Kisha akakiona kikapu. "Ahaa, umetumwa kwa mzimu. Haya, nenda kampikie Lekishon wako."

"Si wangu."

"Basi wa nani? Mama kasema kwenu mnalisha wafu, ndiyo maana walio hai hawanenepi."

Nasieku aliona aibu mpaka masikioni. Na ukweli usemwe, aliogopa pia. Kijitoni pale palikuwa na kivuli hata mchana, na maji yalipopita kwenye mawe yalitoa sauti kama watoto wanaonong'ona chini ya ngozi moja ya kujifunika. Alikiangalia kikapu, akamwangalia Eunike. Akakisukuma chini ya majani makavu ya mgomba, akakimbia.

Kinanda kilikuwa kweli kimelala ubavu vumbini, kimezungukwa na watu kama mgonjwa. Kililia mara moja tu, mlio mrefu wa huzuni uliowafanya wanawake warudi nyuma, kisha kikanyamaza. Watoto wakasubiri kilie tena, na kusubiri huko kukala alasiri yote. Nasieku aliporudi, jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya vilima.

"Zimelala majini?" Koko aliuliza.

"Zimelala, Koko."

Neno lilitoka jepesi mno. Lilimshangaza mwenyewe.

Kesho yake mchana alikifukua kikapu chini ya majani, akakipeleka kijitoni, akakizamisha na kuweka mawe. Hapo alikuwa na njia mbili. Angeweza kuacha mafundo yote matatu na kurudi kusema ukweli, au kufungua la kwanza kana kwamba vipande vimeshalala usiku mzima. Alifikiria macho ya Koko. Akafungua.

"Lekishon, bado," alisema haraka haraka, kama mtu anayetema kitu.

Maji yalinong'ona. Chini ya sauti ya maji alisikia, au alidhani amesikia, kikohozi kidogo. Kikohozi cha mtoto. Aligeuka. Hapakuwa na mtu, ila kipepeo juu ya tope.

Siku ya pili hakutaka kwenda, akaenda. Alivigeuza vipande bila kutazama upande wowote, akafungua fundo la pili. Alipotamka lile jina, upepo ulikoma na majani yote yakasimama kwa pamoja. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta Lesikar mlangoni anamuuliza, "Umemwona?"

"Nani?"

"Huyo unayemwambia bado."

"Nyamaza, wewe!" Alimsukuma hadi mtoto akalia, na Mama Meitamei akauliza kulikoni, na Nasieku akasema hakuna kitu. Huo ulikuwa uongo wa pili, au wa tatu. Alikuwa ameshapoteza hesabu.

Siku ya tatu fundo lilikataa. Kamba ilikuwa imevimba kwa maji, na kila alipovuta ilizidi kukaza. Alijaribu kucha, akajaribu meno. Maji yalikuwa yakinong'ona, na safari hii alikuwa na hakika: kikohozi, kikohozi, kisha kimya cha mtu anayesubiri kujibiwa. Nasieku aliokota jiwe lenye makali, akaipigapiga kamba mpaka ikakatika, akabeba kikapu na kukimbia. Hakusema "njoo ule."

Koko aliipokea kamba katika vipande viwili. Fundo la tatu lilikuwa bado limefungwa kwenye kimojawapo.

"Imekatikia wapi?"

"Kwenye jiwe, Koko. Maji yaliivuta."

Koko aliligusa fundo kwa kidole gumba, taratibu, kama anapapasa jeraha. Aliingia jikoni akawasha moto.

Siku hiyo nyumba ilijaa. Walikuja majirani na watoto wao, Eunike alikuja na mama yake, na hata Naeku alitoka ndani na kichanga kifuani. Vyungu vilipangwa: maharage mapya yenye ndizi, mboga za kunde, kibuyu cha mtindi. Harufu ilikuwa ya sherehe. Lakini mbele ya vyote Koko aliweka sinia ya mbao yenye vipande vyeupe vya ndiga vilivyochemshwa, na kelele zikapungua zenyewe.

Utaratibu ulikuwa huu: Koko anakula kwanza, peke yake. Watu wanasubiri mpaka kivuli cha nguzo ya mlango kisogee unyayo mmoja. Ndipo wengine wanakula. Mwaka baada ya mwaka watoto walidhani ni maringo ya uzee.

Nasieku alisimama karibu na mlango. Alijiambia, usiku mbili si chache. Maji yalikuwa mengi. Alijiambia, labda ndiga za mwaka huu si kali. Koko alichukua kipande. Alikigeuza huku na huku, jambo ambalo Nasieku hakuwahi kuliona.

Na hapo, kwenye kimya kile, Lesikar akauliza kwa sauti yake nyembamba, "Koko, bado?"

Koko aligeuka kama aliyechapwa. Kipande kilimponyoka. Wote walikuwa wanamtazama yeye, kwa hiyo hakuna aliyeuona mkono wa Lesikar ukiteleza kwenye sinia, isipokuwa dada yake anayeujua mkono ule kuliko mtu yeyote. Kipande kilikuwa tayari kinagusa midomo.

"Bado!" Nasieku alipiga ukelele. "Bado! Bado!"

Aliruka juu ya miguu ya watu, akaupiga mkono wa mdogo wake, kipande kikaruka mpaka majivuni. Akamfungua mdomo kwa vidole, akaangalia kama kuna kilichoingia. Hakikuwemo kitu. Lesikar akalia kwa mshangao. Kichanga nacho kikaanza kulia.

"Zimelala usiku mbili tu," Nasieku alisema, huku machozi yakimtoka. "Siku ya kwanza sikuzipeleka. Nilizificha, nikaenda kuona kinanda. Nikafungua fundo bure. Na la mwisho nimelikata mimi. Si jiwe, si maji. Ni mimi, Koko."

Mama Meitamei akaisogeza sinia mbali na watoto. Eunike alitazama miguu yake.

Nasieku alingoja fimbo. Naeku alikuwa ameshanyanyuka, uso umekunjamana. Lakini Koko aliinua kiganja, na Naeku akaketi.

"Kaeni," Koko alisema. "Chakula kingine kipo, hakikimbii. Nitawaambia Lekishon ni nani. Najua jina la aliyekufa halitajwi. Mimi nalitaja, na nitalitaja mpaka nife."

Aliikunjua ngozi aliyojitanda, akatoa lile fundo lenye maji.

"Baba yenu huyu aliye barabarani alikuwa na kaka. Mwaka ule ng'ombe wote walikufa, kabla Wadachi hawajafika, mvua nazo zikakataa. Migomba ilisimama kama vijiti. Tulishuka tambarare na watoto, tukakuta mwanamke mmoja wa porini, akanifundisha ndiga. Akanifungia kamba, akasema, usiku tatu. Mwanangu Lekishon alikuwa na umri wa huyu Lesikar. Alikuwa anakohoa kwa udhaifu. Alikaa pale ukingoni, ananiuliza, yeyo, mama yangu, bado? Namwambia, bado. Ananiuliza tena, yeyo, bado? Siku mbili hizo. Hakuna sauti mbaya kama hiyo masikioni mwa mzazi."

Lesikar alikuwa ameshika shuka la mama yake.

"Usiku wa pili ulipopita sikuweza tena. Fundo la tatu lilikuwa gumu, limelowa. Nikalikata. Nikachemsha. Aliponiuliza, bado? nikamwambia, tayari, baba. Njoo ule." Koko alilizungusha fundo kiganjani. "Alishukuru. Alikula akicheka. Kesho yake tulimwacha kule."

Naeku alikuwa analia bila sauti. Hata yeye, aliyefungua mafundo yale miaka yote, hakuwa ameambiwa.

"Kamba hii iliponifikia imekatwa," Koko akaendelea, "nilijua, Nasieku. Jiwe la majini halikati hivi. Nilisema moyoni, nitakula mimi kwanza kama kila mwaka. Ikiwa ni sumu, inichukue mimi. Na huo ulikuwa upumbavu wangu. Nilinyamaza badala ya kukuuliza, mkono wa mtoto ukafika kabla yangu."

"Nisamehe, Koko."

"Njoo hapa."

Nasieku alienda akainamisha kichwa. Koko aliweka mkono juu ya utosi wake na kuuacha pale muda mrefu.

Vile vipande vilizikwa shimo refu nyuma ya nyumba, kuku wasije wakavichokora, na sinia ikasuguliwa kwa mchanga na majivu mara tatu. Watu hawakugusa maharage mapya. Walikunywa mtindi wakaondoka kimyakimya, na kwa nyumba ile kuagana kimyakimya lilikuwa jambo geni.

Ndiga nyingine zilibaki kapuni, hazijakatwa. Alasiri ile ile Koko na Nasieku walizikata, wakasokota kamba mpya, wakateremka kijitoni pamoja. Safari hii Nasieku mwenyewe aliweka mawe. Mchana wa kesho yake alikwenda peke yake, akafungua fundo, akasema jina polepole, kama unavyomwambia mtu unayemfahamu: "Lekishon, bado." Alisikiliza. Maji yalinong'ona, lakini hakukimbia. Alikaa ukingoni mpaka jua likasogea, kwa sababu ilimjia kwamba mtoto yule hakuwa na mtu wa kukaa naye wakati wa kusubiri.

Siku ya tatu fundo lilikuwa gumu tena. Alilishughulikia kwa kucha, kidogo kidogo, hata vidole vikauma, mpaka likaachia.

"Lekishon," alisema, "njoo ule."

Majirani walirudi, wote, na zaidi ya wale wa kwanza, maana habari ilikuwa imeshatembea milima yote na Mama Meitamei ndiye aliyeitembeza. Koko alikula kwanza. Walisubiri kivuli cha nguzo kisogee unyayo mmoja, na Lesikar alikalia mikono yake yote miwili. Kisha kila mtu akala kipande chake. Hakikuwa kitamu. Kilikuwa na ladha ya maji na udongo.

Koko alifuta midomo, akawaangalia watoto mmoja mmoja.

"Mnaniona napika chakula cha njaa wakati wa shibe, mnanicheka. Maharage yana msimu wake, mahindi yana msimu wake, hata mboga ya porini inajua siku zake. Njaa nayo ina msimu, ila haisemi unakuja lini. Siku ikija, hutakuwa na nguvu ya kujifunza. Ndiyo maana tunajifunza tumeshiba. Na mpishi akisema uongo, wanaoula uongo huo ni wengine. Ukikosea, sema. Ukisema mapema, tunarudi kijitoni, tunaanza upya, hakuna aliyekufa. Nasieku alichelewa kusema, lakini alisema. Mimi mwaka ule sikuwa na wa kunipigia kelele ile ya bado."

Watu waliitikia kwa sauti ya chini. Vyungu vya maharage vikafunuliwa, na nyumba ikaanza tena kuwa na kelele zake.

Mama Meitamei alisogea pembeni mwa Koko. Alikuwa na wajukuu wanne nyumbani, na mara hii hakuleta umbea wowote. Alichukua kisu na kipande cha mti, akaweka makali juu ya mti ule kana kwamba ni ndiga.

"Koko," alinong'ona, "unakata unene gani?"

Koko akamtazama mjukuu wake. "Mwonyeshe," alisema.

Nasieku akasogea, akakishika kisu pamoja na mkono wa jirani, akakivuta karibu zaidi na ukingo wa mti, kipande kiwe chembamba.

"Hivi, mama," alisema. "Usizidishe hapa."